Ruzuku Isiyokuja Mkononi: Mwongozo kwa Mkulima wa Pemba

Ukikaa kungojea siku utakayoitwa Chake Chake ukabidhiwe fedha za ruzuku, utangoja mpaka uote mvi. Si kwamba Serikali haitoi. Inatoa, na kwa baadhi ya wakulima inatoa nyingi, lakini kwetu mara chache hutoa fedha taslimu. Inatoa bei ya kilo ya karafuu, mche wa mkarafuu, trekta la kulimia bondeni, mbolea na mbegu kwa bei pungufu, mkopo wa kuchumia na, Mungu aepushe, fidia ya aliyeanguka mtini.

Mkulima wa Umoja wa Ulaya hulipwa zaidi kwa kuhesabiwa hekta zake, na takriban theluthi ya bajeti yote ya umoja huo huishia kwenye kilimo. Anajaza fomu, fedha inaingia benki, hata kama mwaka huo mvua imemtupa mkono. Mfano huo usikupotoshe. Ruzuku ya kwetu imefungwa ndani ya kazi: asiyeanika vizuri haipati bei kamili, asiye na pahala pa kupanda haufaidi mche, asiye na karatasi haioni fidia. Ndiyo maana kuitafuta ruzuku Pemba ni shughuli ya miezi kadhaa kabla ya siku ya kuipokea, na anayeanza kuulizia siku magari ya kununulia karafuu yanapoonekana barabarani ameshachelewa.

Mlango upi wa kubisha

Redio ya Bara ikitangaza ruzuku ya mbolea, usiache jembe ukakimbilia kujiandikisha. Tangu msimu wa 2022/23, wakulima wa Bara husajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali, mkulima akapata namba yake, akaionesha kwa wakala wa mbolea na kuuziwa kwa bei ya ruzuku. Ni mpango mkubwa, lakini si wako. Kilimo si jambo la Muungano. Konde lako, liwe Micheweni au Mkoani, liko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na huko ndiko kwenye haki yako.

Hata ndani ya Serikali hiyo moja, milango ni miwili, na watu huichanganya kila msimu. Wizara ya Kilimo ndiyo yenye mabwana shamba na mabibi shamba, vitalu vya miche, pembejeo za mpunga na mambo ya umwagiliaji. Kwa Pemba ofisi yake iko Weni, Wete, chini ya Afisa Mdhamini, ambaye kwa kisiwa chetu ndiye mkubwa wa wizara. Karafuu ikishachumwa, inahama mikono. Kuinunua, kuipanga madaraja, kumkopesha mkulima kabla ya msimu na kushughulikia walioanguka ni kazi ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoundwa 1968, nalo linasimamiwa na wizara ya biashara. Kwa hiyo mtu wa Kengeja akipanda gari hadi Weni kuuliza mkopo wa kuchumia, atarudi na nauli imekwenda bure.

Kabla ya milango yote miwili yuko sheha, msimamizi wa shehia yako. Hana fedha wala mbolea, lakini barua yake huombwa karibu kila pahala: kuthibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa shehia, kwamba shamba unalolitaja lipo, kwamba mtu aliyeumia aliumia kwenye shamba hilo na si kwengine. Usimjue sheha siku ya shida tu. Nenda mapema, ukiwa na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi, umwoneshe mipaka ya shamba na umwambie nani analilima hivi sasa. Kama jina la kwenye kitambulisho linapishana na lile unaloitwa mtaani, na Pemba hili ni la kawaida, andikisha la kitambulisho. Mtu anayejulikana kijijini kizima kwa jina la utani hawezi kulipwa kwa jina la utani.

Shamba ni la nani hasa?

Hapa ndipo ruzuku nyingi zinapopotea, na sitalipita jambo hili haraka.

Orodha yoyote ya wakulima wa karafuu inataka jina la mtu mmoja mbele ya shamba moja. Mashamba yetu hayako hivyo. Lipo shamba la babu aliyefariki miaka mingi nyuma, warithi wake wako Wete, Unguja, Mombasa na Muscat, na anayelipalilia ni mjukuu mmoja aliyebaki nyumbani. Lipo la eka tatu, miongoni mwa yale yaliyogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambapo familia ilipewa kulitumia na ardhi ikabaki ya Serikali. Yapo mashamba ya Serikali yenyewe, ambayo mikarafuu yake hukodishwa kwa msimu. Na ipo ile hali ya Kizanzibari kabisa, ardhi ya huyu na mti wa yule: mtu alipanda mikarafuu kwenye ardhi ya jirani kwa ruhusa, wote wawili wakafa, watoto wakabaki na miti na mabishano.

Kila hali ina dawa yake. Kama ni shamba la urithi, mirathi ipigwe kabla ya msimu, si wakati karafuu ziko jamvini. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ina ofisi yake Pemba na kazi hiyo ni yake. Penye ugomvi, kuna Mahakama ya Kadhi. Warithi wakishajulikana, waandikiane karatasi fupi inayosema nani atauza karafuu kwa niaba yao na kila mmoja ana fungu gani. Karatasi hiyo ibebe majina ya wanawake pia. Sheria ya dini imempa binti fungu lake lililo wazi, lakini katika kugawana mapato ya karafuu mara nyingi dada aliyeolewa mbali hupelekewa kikapu cha ndizi na salamu. Jina lake likiwa kwenye karatasi, ana pa kuanzia.

Kama ni la eka tatu, usiuze wala kukatakata vipande kabla ya kuuliza Kamisheni ya Ardhi. Huo si uwanja wa maafikiano ya mdomo, hata yawe mbele ya mashahidi wangapi.

Kama umekodi, iwe kwa Serikali au kwa mtu, weka mkataba wa kukodi pamoja na kitambulisho chako. Msimu huu muuzaji ni wewe, na siku ya kupokea fedha au siku ya mchumaji kuanguka, ndiyo karatasi itakayosema hivyo.

Na kama mti ni wako na ardhi si yako, hesabuni miti pamoja na mwenye ardhi, muiandike idadi yake na mahali ilipo, sheha awe shahidi. Mgawo wa miche mipya ukija, msikubali mche hata mmoja upandwe hapo kabla ya kukubaliana utakuwa wa nani. Mkarafuu unaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Ugomvi wake huishi nao.

Bei ndiyo ruzuku kubwa

Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba ikiwa imesimama, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imekuwa ikitoka kwetu. Lakini wingi huo haukumpa mkulima utajiri. Katika miaka ya 1970 karafuu iliuzwa kwa bei nzuri sana nje, hasa Indonesia, ambako husokotwa pamoja na tumbaku kwenye sigara zao za kretek; mkulima wa Pemba, aliyelazimika kuuza kwa Serikali pekee, alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Indonesia ilipojitosheleza kwa karafuu zake, soko likaanguka katika miaka ya 1980, na mashamba mengi yakaachwa yamezwe na msitu. Wapo waliokata miti wakafanya kuni.

Mambo yaligeuka 2011. Serikali ya Dk. Ali Mohamed Shein, naye mwenyewe mzaliwa wa Pemba, iliipandisha bei kwa kiwango ambacho wazee walikuwa hawajakiona, na kuahidi kwamba mkulima atapata asilimia 80 ya bei ya karafuu nje. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kilo ya daraja la kwanza ilinunuliwa kwa shilingi 14,000, pamoja na ile miaka ambayo soko la dunia lilikuwa limelegea. Hiyo ndiyo ruzuku kubwa kuliko zote unazopewa, na haina fomu. Inapimwa kwenye mizani.

Usitegemee bei ya mwaka uliopita wala ya jirani. Bei hutangazwa msimu unapofunguliwa, nayo hubandikwa kwenye kituo cha ununuzi kwa kila daraja. Isome mwenyewe, au mpe mwanao wa skuli akusomee, kabla hujashusha gunia.

Chukulia kwamba tofauti kati ya daraja moja na jingine ni shilingi 2,000 kwa kilo. Mwenye kilo 200 akishuka kutoka daraja la kwanza hadi la tatu, ameacha shilingi 800,000 kituoni, bila kuibiwa na yeyote. Amejipunguzia mwenyewe, jamvini.

Hivyo tuseme la jamvini. Karafuu ichumwe ikiwa imejaa na rangi inaanza kuwa nyekundu, kabla ua halijafunguka. Ikifunguka, kichwa kinapukutika na kinachobaki ni kijiti tu. Ichambuliwe usiku ule ule, makonyo (vijiti vya kichala) mbali na karafuu mbali. Usiiache mbichi ndani ya gunia mpaka asubuhi kwa sababu ya uchovu. Inavukuta, na ikikauka inatoka na rangi ya kijivu yenye weupe ambayo hakuna jua litakaloirudisha. Ianikwe juu ya jamvi au turubai safi, igeuzwe mara kwa mara, ianuliwe jioni kabla ya umande na mvua inapotishia. Jua likiwa zuri, siku tatu mpaka tano zinatosha. Usianike barabarani. Lami inapasha joto haraka, hilo kweli, lakini inatia mchanga, mafuta ya magari na harufu, na mnunuzi wa nje anaijua. Wala usiitupe kwenye saruji tupu uani huku kuku wanapita.

Mbichi kilo tatu hutoa kavu takriban moja. Wapo wanaoona huruma na uzito huo unaopotea, wakaanua mapema ili karafuu ibaki na maji kidogo. Angalia basi mpimaji wa kituoni anavyofanya kazi. Hagusi za juu. Anatia mkono hadi kiwikoni katikati ya gunia, anachota, anafungua kiganja. Anatafuta makonyo, vichwa vilivyovunjika, zile zenye weupe, na zilizookotwa chini zikiwa zimeiva kupita kiasi. Kisha anachukua moja na kuivunja kwa kidole gumba. Kavu inakatika mara moja. Isiyokauka inajikunja, na hapo mjadala umekwisha: ama urudi nayo nyumbani ukaianike tena, ama ukubali daraja la chini. Jaribu wewe mwenyewe nyumbani, kwa karafuu kumi kutoka pembe mbalimbali za jamvi, kabla hujalipa gari la kuipeleka.

Makonyo usiyatupe. Kiwanda cha Makonyo kiko Wawi, Chake Chake, na hukamua mafuta. Bei yake ni ndogo, lakini ni fedha iliyokuwa ikienda jalalani.

Pima karafuu zako kabla ya kuondoka nyumbani, hata kwa mizani ya dukani, uandike. Kituoni simama unapouona mshale. Uzito wa gunia tupu utatolewa. Uliza ni kiasi gani. Kisha soma risiti ukiwa bado hapo hapo: jina, kilo, daraja, bei, jumla, na kama ulikopa, kiasi kilichokatwa. Kosa likionekana mbele ya mizani husahihishwa kwa dakika mbili. Likionekana nyumbani siku ya pili ni kesi. Fedha zikiwa nyingi, bora zipite kwenye akaunti ya Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) au benki nyengine kuliko kuzibeba begani hadi kijijini ambako kila mtu ameshajua umeuza. Risiti zote, za msimu huu na za misimu iliyopita, ziweke pamoja kwenye mfuko mmoja wa nailoni, pahala pasipovuja. Hizo ndizo zitakazokuombea mkopo.

Mkopo wa kuchumia na adabu zake

Shida ya mkulima wa karafuu ni kwamba fedha anazihitaji kabla ya kuuza. Wachumaji hulipwa kwa pishi na wanataka chao jioni ile ile. Hawawezi kungoja mpaka karafuu ikauke. Hapo ndipo mnunuzi wa kificho anapotokea, na fedha mkononi, akitaka karafuu mbichi mtini au jamvini kwa bei ya kuokota. Anayeuza kwake hapati daraja, hapati risiti, na amevunja sheria, kwani karafuu za Zanzibar mnunuzi wake kisheria ni ZSTC.

Mkopo wa ZSTC umewekwa ili usimhitaji mtu huyo. Hauna riba, jambo ambalo kwetu si dogo, na hukatwa kwenye mauzo yako. Uombe mapema, mara maua yanapojitokeza na unaweza kuyahesabu kwa macho. Omba kwa kuangalia miti ilivyo mwaka huu. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mavuno makubwa huja baada ya miaka kadhaa, mingine inakuwa ya kubahatisha. Anayekopa kwa kumbukumbu ya msimu uliojaa, halafu miti ikampa robo, ataingia msimu unaofuata na deni. Ukiulizwa unatarajia kilo ngapi, sema pungufu. Na fedha ile ni ya wachumaji, si ya harusi.

Wakati huo huo ulizia magunia na majamvi, kwa utaratibu uliotangazwa msimu huo. Usisubiri mpaka yaishe.

Ukisikia kwamba ng'ambo, Kenya, kilo inakwenda zaidi, huenda ni kweli kwa wiki ile. Siipigii debe Serikali. Zamani bei ilipokuwa ya dhuluma, magendo yalikuwa na maana yake, na watu walibeba hatari kubwa kuyafanya. Lakini leo piga hesabu nzima. Ngalawa hulipwa, mtu wa kati hulipwa, ukikamatwa na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, mzigo wote umekwenda na wewe uko mahakamani. Tena jina lako halikuongezeka kilo hata moja kwenye kumbukumbu za ZSTC, basi mwakani utaomba mkopo kwa ushahidi gani?

Aliyeanguka

Kila msimu Pemba kuna watu wanaoanguka mikarafuuni. Wengine hupona, wengine huvunjika mgongo, wengine hawarudi nyumbani. Sheria ya Maendeleo ya Karafuu Nam. 2 ya 2014 iliweka Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu, na miongoni mwa kazi ambazo mfuko huo umezifanya ni kuwafidia walioanguka. Fidia hiyo hailingani na mguu wa mtu, lakini ni haki, na wanaoikosa huikosa kwa sababu ya siku ya kwanza.

Siku ya kwanza ndugu hufikiria kumpeleka mgonjwa kwa fundi wa mifupa, na mimi siwalaumu. Mafundi wetu wanajua kazi. Mpelekeni huko mkitaka, lakini kwanza pitieni hospitali au kituo cha afya, daktari aandike tarehe, jeraha na namna lilivyotokea: ameanguka kwenye mkarafuu akiwa anachuma. Bila maneno hayo, kuvunjika mkono ni kuvunjika mkono tu. Siku hiyo hiyo au inayofuata, sheha aarifiwe, na mwenye shamba na mchumaji mwenzake mmoja watajwe kuwa mashahidi. Nakala za karatasi zote zipelekwe ofisi ya ZSTC ya wilaya yenu, na mkabidhi aandikiwe kwamba zimepokelewa. Kama amefariki, hati ya kifo na uthibitisho wa warithi vinahitajika pia.

Mwenye shamba, usimwogope mchumaji atakayekwenda kudai. Fidia inatoka Mfukoni, haitoki kwako. Wanaoficha ajali wakidhani wataulizwa wao humnyima maskini kitu kisichowagharimu chochote. Na kabla ya yote hayo, kagua kamba na matawi, wala usimpandishe mtu mti uliolowa mvua.

Mche wa bure

Miche ya mikarafuu inayooteshwa kwenye vitalu vya Serikali hugawiwa wakulima bila malipo, kwa kawaida wakati wa mvua za masika, kuanzia Machi. Kwa sababu ni ya bure, watu huichukua kwa mikono miwili na kuipanda kwa mkono mmoja. Mingi hufa kiangazi cha kwanza, jua la kaskazi linapowaka kuanzia Disemba. Mche mmoja ulioshika ni afadhali kuliko kumi iliyonyauka ambayo ripoti zitaihesabu kuwa imepandwa.

Kwa hiyo jiandikishe kwa bwana shamba kabla ya mvua, kwa idadi unayoweza kuitunza. Makoongo yachimbwe mapema, mita 6 hadi 8 kati ya koongo na koongo, udongo wa juu uwekwe upande, uchanganywe na samadi iliyooza au majani. Kivuli kitangulie. Mche wa mkarafuu haupendi jua la moja kwa moja ukiwa mdogo. Wekeni migomba au mihogo karibu nao miezi kadhaa kabla. Kwenye mapengo ya mikarafuu mikongwe iliyokufa, ng'oa kwanza kisiki na mizizi ya zamani, uache shimo lipigwe na jua.

Kitaluni chagua. Usikubali kupakiwa tu. Nyanyua mfuko utazame chini: mzizi mkuu ukiwa umetoka na kujikunja, huo umekaa sana, utaota kwa kinyongo. Majani yawe ya kijani iliyokolea, shina limenyooka, bila madoa. Beba kwa kushika mfuko, usishike shina. Siku ya kupanda chana mfuko wote uutoe. Wapo waliofukia plastiki na mche ndani yake, halafu wakalaumu kitalu. Mchwa ndio adui wa mwanzo, tembelea kila wiki. Kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia, hata kama ni ndoo moja kwa miche miwili. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita mpaka minane, basi anayepanda leo akiwa na mtoto wa darasa la kwanza atakuwa na karafuu mtoto akiwa kidato.

Mikarafuu iliyopo usiikate ovyo hata kama imezeeka au ni yako kwa urithi. Inataka kibali, na kibali kinaanzia kwa sheha na bwana shamba.

Mpunga kwa ufupi

Kwa wenye mabonde, Serikali hupunguza gharama ya kulima kwa trekta, mbegu, mbolea na dawa za magugu. Viwango hutangazwa kila msimu, na kupata kwako kunategemea orodha ya bonde: jina, shehia, ukubwa wa konde. Wakulima wengi wa mpunga ni akina mama, na bado utakuta orodha imejaa majina ya waume ambao hawajawahi kutia mguu topeni. Mwenye kulima ndiye aandikwe. Msikilizane nyumbani juu ya hilo kabla ya mkutano wa bonde, si mkutanoni.

Trekta huja kwa zamu, na zamu huenda kwa bonde, siyo kwa mtu. Wakulima wa bonde moja wakilipa mchango wao pamoja na kusafisha njia ya kupita, trekta linafanya kazi siku nzima bila kuhama. Mmoja akichelewa, dereva huenda kwengine na mvua haimngojei. Kwa mbegu, uliza SUPA BC, aina iliyozalishwa hapa Zanzibar kutokana na utafiti wa kituo cha kilimo cha Kizimbani na kutolewa 2011. Kama bonde lenu ni la kumwagilia, kama Mlemele au Makwararani, bwana shamba atakwambia aina inayolingana na ratiba ya maji. Mbolea ya ruzuku ikikufikia imechelewa, wiki nyingi baada ya mpunga kuchanua, usiimwage tu kwa sababu umeipata. Iweke pakavu kwa msimu ujao.

Mambo yakienda kombo

Ukinyimwa, ukapunjwa kwenye mizani au ukaona jina lako limerukwa, anza kwa aliye karibu: mkuu wa kituo, bwana shamba, sheha. Mwulize kwa upole, mbele ya mtu mwengine, na andika tarehe na jibu. Lisiposawazishwa, andika barua kwa Afisa Mdhamini wa wizara inayohusika, ya kilimo kwa miche na pembejeo, ya biashara kwa karafuu, ukiambatanisha nakala na kubaki na asili. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya nayo inasikiliza, hasa mkiwa wengi wa bonde au shehia moja. Mtu akikutaka kitu kidogo ili jina lipite au daraja lipande, hilo si la Afisa Mdhamini tena. Lipeleke ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa ya Zanzibar, ambayo kazi zake zinafika Pemba, na upeleke ukiwa na tarehe, mahali, kiasi kilichoombwa na majina ya waliokuwepo.